Kifaa cha wawili: namna ya kukichagua na kukitumia

Swali hili aghalabu huja mwishoni. Mtu ameshaaga, ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo anageuka: "Samahani daktari, na zile mashine ndogo za kutetemeka, za raha ya kitandani, hazina madhara?" Mimi si daktari, ni mshauri wa afya ya uzazi, lakini hapo sibishanii cheo. Namwomba akae tena, maana huenda hilo ndilo lililomleta tangu asubuhi.

Nami huanza kwa kumuuliza: mnataka kiwasaidie nini? Wengi hawakuwa wamefika huko. Wameona picha kwenye simu, au rafiki amesimulia, wakavutiwa na rangi na maneno "nguvu zaidi" kwenye boksi. Kifaa kilichonunuliwa hivyo huishia chini ya nguo kabatini kabla mwezi haujaisha.

Mwili kwanza

Kwa wenzi wengi wa mwanamume na mwanamke, haja yenyewe inatokana na maumbile. Sehemu ya kisimi inayoonekana kwa nje ni ncha tu. Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo kutoka Australia, alionyesha mwaka 1998, na tena 2005, kwamba sehemu kubwa ya kiungo hicho imejificha ndani na imeukumbatia uke huku na huku. Uume unapoingia na kutoka, ile ncha yenye mishipa mingi ya fahamu huweza isiguswe kabisa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, ni kama asilimia 18 tu ya wanawake ndio waliosema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha kileleni. Wengi wa waliobaki walihitaji kisimi kiguswe, au walisema raha huzidi kinapoguswa. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Mkono nao una mipaka yake: huchoka, na hauenei vizuri kati ya matumbo mawili yaliyobanana.

Vifaa vya wawili vingi vimebuniwa kwa ajili ya pengo hilo. Kipo chenye umbo la herufi C, ambacho mkono wake mwembamba huingia ukeni, ule mnene ukakaa juu ya kisimi, na uume ukapita kando ya ule mwembamba. Wanaokipenda hukipenda sana, ila kinachukua nafasi. Kwa mwanamke ambaye uke wake hukaza au huuma, si cha kuanzia. Ipo pete ya kuvaliwa kwenye shina la uume, yenye kitetemeshi kidogo kinachogusa kisimi miili inapokutana. Kwa kuwa hugusa pale tu mnapokuwa mmekaribiana kabisa, hufanya kazi vizuri mnapobaki mmegandana na kusugua taratibu kuliko mnapokwenda mbele na nyuma kwa kasi. Kipo kikubwa chenye kichwa cha mviringo kama maikrofoni, kinachotetemesha hadi mifupa, na vipo vya rimoti ambavyo mmoja huvaa na mwingine huongoza.

Nikiulizwa cha kuanzia, huchagua kile kidogo cha kushika, cha ukubwa wa kidole gumba. Hakiingizwi popote, hakina saizi ya kukosea, na mwanamume naye ana sehemu za kukijaribia: chini ya kichwa cha uume, kwenye korodani, na kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Msipokipenda, hamjapoteza kikubwa.

Kumwambia mwenzako

Usimletee kwa kumshtukiza, eti zawadi. Mwanamume aliyefunguliwa boksi bila kuandaliwa husikia neno moja tu, hata kama halikutamkwa: hunitoshi. Mwanamke naye husikia: una kasoro. Zungumzeni nje ya kitanda, mkiwa mmevaa, mikono ikiwa na kazi nyingine, kwa mfano mnakunja nguo. Sema unachotaka kuhisi, na umpe mwenzako nafasi ndani yake. "Ningependa wewe ndiye unishikie" ni tofauti kabisa na "nimechoka kutofika."

Unaweza pia kumweleza kwamba hamtakuwa wa kwanza. Katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, uliochapishwa 2009, zaidi ya nusu ya wanawake waliohojiwa walikuwa wameshatumia kitetemeshi, na wanaume walikaribia asilimia 45, wengi wao wakiwa na wenzi wao. Akikataa, amekataa. Akikubali shingo upande, subiri. Mwili uliolazimishwa haulainiki.

Nusa kabla ya kununua tena

Fungua pakiti, sogeza pua. Silikoni halisi haina harufu ya kusema. Kikinuka kama ndala mpya za plastiki, na uso wake unanatanata, hiyo ni plastiki iliyolainishwa kwa kemikali, na harufu ile ni kemikali zinazotoka. Kundi moja la vilainisha plastiki, fthaleti, limeshukiwa kuvuruga homoni kiasi kwamba Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2005 kupiga marufuku baadhi yake kwenye midoli ya watoto. Mdoli wa mtoto ulilindwa mapema kuliko kifaa cha wazazi wake: Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango cha kwanza cha vifaa hivi, ISO 3533, mwaka 2021. Kabla ya hapo, viwanda vingi vilijikinga kwa kuandika kwenye boksi kwamba bidhaa ni "ya utani tu", na maandishi hayo bado yapo. Ukiyaona, elewa kwamba mtengenezaji ameshajitoa kwenye lawama.

Chagua silikoni, plastiki ngumu isiyopinda, chuma kisichoshika kutu, au kioo kinene kinachohimili joto. Hivi vyote havina vitundu vya kuficha uchafu. Ule mpira laini unaofanana na jeli una vitundu visivyoonekana kwa macho, na sabuni haifiki ndani yake. Kwenye utafiti mdogo uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2014, vinasaba vya HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa ngono, vilikutwa bado vipo kwenye baadhi ya vitetemeshi vya mpira wa aina hiyo saa 24 baada ya kuoshwa, wakati vya silikoni vilikuwa vimetakata. Kama kifaa cha mpira ndicho mlicho nacho, kivalisheni kondomu kila mara.

Kuhusu maji, soma alama. IPX7 maana yake kinaweza kuzama kina cha mita 1 kwa dakika 30. "Hakipati shida na matone" ni jambo jingine, na wengi wameua mota kwenye beseni kwa kutojua tofauti hiyo.

Kilainishi

Hapa ndipo nisipochoka kusema. Mate hukauka. Losheni ya mwili ina manukato. Mafuta ya kupaka, ya nazi, au jeli ya petroli hudhoofisha kondomu ya mpira ndani ya dakika chache tu, ikapasuka bila ninyi kusikia. Kilainishi cha maji ndicho kisichogombana na kitu: kondomu, silikoni, ngozi. Kile cha silikoni hudumu zaidi, lakini kinaweza kuharibu uso wa kifaa cha silikoni ukabaki unanata. Mkitaka kujaribu, weka tone moja kitakoni mwa kifaa, liache usiku kucha, asubuhi pitisha kidole.

Hata vya maji havilingani. Vingine vina glisirini nyingi mno, vikavuta maji kutoka kwenye seli za uke au za utumbo hadi zikanyauka na kubanduka. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, lilishauri kipimo cha mkolezo huo, yaani osmolaliti, kisizidi 1,200, na ikiwezekana kiwe chini ya 380. Kama chupa haikuandikwa, epuka angalau vya kuwasha, vya kupoza, vyenye ladha, na zaidi ya vyote vya kutia ganzi. Maumivu ni taarifa. Ukiyazima, utajua umechanika asubuhi.

Mara ya kwanza

Msianze na tendo lenyewe. Kiwasheni mkiwa mmevaa, kikiwa kwenye kasi ya chini kabisa, na mkiguse kiganjani, shingoni, mapajani. Mwache mwenye mwili aushike mkono wa mwenzake na kuuongoza. Kisimi kikiguswa moja kwa moja kwa nguvu nyingi huuma, kwa hiyo pitieni pembeni, au juu ya nguo ya ndani. Kifaa kizuri mara nyingi huanza kuwa kizuri kikiwa nusu sentimita kutoka pale ulipodhani. Na mtacheka. Betri itakata njiani, kitateleza kiruke chini ya kitanda kikinguruma huko peke yake. Chekeni, kitafuteni, kioshwe, muendelee.

Swali la mazoea huulizwa sana: je, nitakufa ganzi, nisihisi tena mkono wa mtu? Katika ule uchunguzi wa 2009, zaidi ya theluthi mbili ya wanawake waliotumia hawakupata athari yoyote sehemu za siri, na waliopata ganzi au muwasho, kwa wengi wao uliisha upesi. Ganzi ikija, pumzikeni.

Pete inataka maelezo yake peke yake, kwa sababu ndiyo inayoniletea watu wenye uso wa hofu. Pete ya kubana huzuia damu isirudi, na damu ikikaa mno tishu huanza kukosa hewa. Dakika 20 zinatosha. 30 ni mwisho. Anzeni na ya silikoni inayovutika, kamwe si ya chuma, na punguzeni nywele za hapo kwanza. Uume ukiwa wa baridi, ukageuka rangi ya zambarau au kufa ganzi, vua papo hapo. Ikigoma, acheni kila kinachosisimua, wekeni kitambaa cha maji baridi, pakeni kilainishi kingi chini ya pete na kuisukuma taratibu upande mmoja kisha mwingine. Msilale nayo. Mwenye selimundu, mwenye tatizo la kuganda kwa damu au anayemeza dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, aachane na pete za kubana. Uume uliosimama zaidi ya saa 4 ni dharura, usiku huo huo.

Wengine wa kuuliza kwanza: mwenye kisukari ambaye hisia zimepungua, kwa kuwa hataona dalili za kuumia, aliyejifungua au kupasuliwa hivi karibuni, mwenye vidonda au maumivu ya nyonga. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aweke chaja za sumaku sentimita 15 au zaidi kutoka kifuani.

Kuosha, kubadilishana, kuhifadhi

Maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kabla na baada, mkipitisha kidole kwenye kila mfereji na kuzunguka vitufe. Silikoni, kioo au chuma kisicho na mota unaweza kukichemsha dakika chache. Kikaushe kabisa, ukiweke kwenye mfuko wa kitambaa, na betri za kawaida uzitoe. Kisitoke kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, wala njia ya haja kubwa kwenda ukeni, bila kuoshwa au kubadilishwa kondomu. Njia hii ya pili ndiyo inayopeleka bakteria wa utumbo kwenye uke na kibofu. Silikoni iliyochanika, hata ufa wa kukamatwa na ukucha, imeisha kazi.

Vinavyoongozwa kwa simu vina jambo la ziada. Mwaka 2017 kampuni moja ya Kanada ilikubali kulipa mamilioni ya dola kumaliza kesi iliyodai kwamba programu yake ilikuwa ikikusanya taarifa za muda na kasi ambavyo wateja walitumia vitetemeshi vyao. Kama rimoti ya kawaida inawatosha, chukueni hiyo. Na kwa kuwa nchi nyingine huzuia kuagiza au kuuza bidhaa hizi, jueni sheria ya mahali mlipo kabla ya kuagiza.

Kikipotea ndani

Uke una mwisho. Kifaa hakiwezi kupotelea tumboni. Chuchumaa, sukuma kama unayejisaidia, kivute kwa vidole safi. Njia ya haja kubwa haina mwisho wa namna hiyo, na msuli wake hukivuta kitu ndani na kujifunga nyuma yake. Kwa hiyo cha kuingizwa huko lazima kiwe na kitako kipana kuliko kifaa chenyewe, kisichopinda kirahisi. Chupa, tochi, mpini wa brashi, hapana. Kikizama, usikifuate kwa koleo wala kijiko, usinywe dawa ya kuharisha. Nenda hospitali, na nyote wawili mseme ukweli mapokezi: ni nini, kina urefu gani, ni cha kioo au plastiki, kimewashwa au kimezimwa, kimekaa saa ngapi. Muuguzi hulihitaji jibu la kioo au plastiki kabla ya kuuliza jina lako, na kama boksi bado lipo, libebeni.