Dizeli ya jenereta za dharura kwenye mitambo ya nyuklia: inapimwa nini, lini na kwa nini

Kinu cha nyuklia kikizimwa hakipoi papo hapo. Mara tu baada ya kuzimwa, fueli ya nyuklia iliyomo ndani yake bado hutoa joto la takriban asilimia 6 hadi 7 ya nguvu kamili ya kinu, na joto hilo hupungua taratibu kwa siku na wiki kadhaa. Pampu za kukipoza zinahitaji umeme. Gridi ikikatika, kazi inaangukia jenereta za dizeli, ambazo katika mitambo mingi ya Marekani hutakiwa kuwaka na kuwa tayari kubeba mzigo ndani ya sekunde 10 hivi.

Tarehe 11 Machi 2011, pale Fukushima Daiichi nchini Japani, tsunami ilizima karibu jenereta zote za dharura, na vinu vitatu vikayeyuka. Kosa halikuwa la dizeli. Hata hivyo dizeli mbovu inaweza kuleta hali kama hiyo kwa njia ya kimya zaidi: shehena moja iliyochafuka ikigawanywa kwenye matangi yote, jenereta ya pili iliyowekwa kuwa akiba ya ya kwanza nayo imekwisha kuharibika. Ndiyo maana mafuta haya hayaaminiwi kwa stakabadhi ya muuzaji peke yake.

Nchini Marekani masharti yamo ndani ya leseni ya kila mtambo, chini ya Tume ya Udhibiti wa Nyuklia (NRC). Kwa kawaida kila jenereta huwekewa mafuta ya kuiendesha siku 7 mfululizo, na kwa mashine kubwa hizo ni zaidi ya lita 100,000. Akiba ikishuka chini ya siku 7 lakini ingali inazidi siku 6, mtambo una saa 48 za kuijaza. Muda huo ukipita, jenereta inahesabiwa kuwa haifanyi kazi hata kama inawaka vizuri.

Vipimo vimepangwa kwa kuangalia ni kasoro ipi inaua injini upesi. Hizo hupimwa lori lililoleta mafuta likiwa bado limesimama, kabla ya tone lolote kuingia tangini. Uzito wa mafuta ukilinganishwa na maji uwe kati ya 0.83 na 0.89, ukitoka hapo, huenda yamechanganywa na kitu kingine. Mnato kwenye nyuzi 40 za Selsiasi uwe kati ya sentistoki (kizio cha mnato) 1.9 na 4.1. Mafuta mepesi mno hayalainishi pampu inayosukuma mafuta ndani ya injini, na mazito mno hayatawanyiki vizuri yakipita kwenye nozeli, yaani tundu jembamba linaloyanyunyizia ndani ya injini. Joto ambalo mvuke wa mafuta huweza kushika moto lisiwe chini ya nyuzi 52, kwani petroli kidogo tu iliyobaki kwenye lori kutoka safari iliyotangulia inatosha kulishusha.

Kisha kuna kipimo cha macho. Sampuli huwekwa kwenye chupa safi ya kioo, ikatazamwa kwenye mwanga, halafu ikazungushwa mpaka mafuta yazunguke kama kimbunga. Matone ya maji na chembe za uchafu hujikusanya chini, katikati ya mzunguko huo. Dizeli nzuri ni angavu, haina ukungu. Ikiwa imetiwa rangi nyekundu, kama ile ya mitambo isiyotembea barabarani huko Marekani, rangi huficha ukungu na jicho halitoshi. Hapo maji na mashapo hupimwa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi, na yasizidi asilimia 0.05 ya ujazo.

Sifa nyingine, kama salfa na seteni (kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka ndani ya injini), hupimwa ndani ya siku 31 baada ya mafuta kuingia tangini. Haziharibu injini kwa usiku mmoja.

Mafuta yaliyokwisha kuhifadhiwa nayo yanazeeka. Hewa huyageuza polepole yakazaa gundi na chembe laini zinazoziba filta. Kila siku 31 sampuli hupitishwa kwenye utando wa matundu ya mikroni 0.8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na utando hupimwa uzito kabla na baada. Kikomo ni miligramu 10 kwa lita. Kikivukwa, mtambo hupewa siku 7 za kurekebisha, kwa sababu nzuri: chembe haziongezeki ghafla, na mara nyingi kosa ni la mchukuaji sampuli aliyechota sakafuni mwa tangi au aliyetumia chombo kichafu. Matangi yaliyounganishwa hupimwa kila moja peke yake.

Ningeulizwa kipimo kipi kisikosekane hata mara moja, ningesema cha maji. Bakteria na kuvu wanaokula dizeli hawawezi kuishi bila maji. Hukaa pale maji na mafuta yanapokutana, wakatengeneza utelezi unaoziba filta na asidi inayotafuna chuma. Kwa hiyo kila siku 31 maji yaliyojikusanya chini ya tangi kuu, na ya tangi dogo lililo karibu na injini, hukaguliwa na kutolewa. Hospitali yenye jenereta inaweza kufanya hivyo hivyo kwa kufungua koki ya chini ya tangi.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu soko libadilike. Mwaka 2009 NRC iliitahadharisha mitambo kwamba dizeli ya kawaida ingeweza kuuzwa ikiwa na dizeli ya mimea hadi asilimia 5 bila kutajwa. Aina hiyo huvuta maji, huzeeka haraka, na hubandua mashapo ya zamani kutoka kwenye kuta za tangi na kuyapeleka moja kwa moja kwenye filta. Dawa yake ni kuandika kwenye oda ya ununuzi kwamba haitakiwi, kisha kuipima lori linapofika.

Kila baada ya miaka 10 tangi huondolewa mafuta yote, mashapo yakatolewa na kuta zikasafishwa. Mwongozo wa NRC unaelekeza kutumia mmumunyo wa sodiamu hipokloraiti (kemikali iliyomo kwenye dawa ya kung'arisha nguo) au kitu cha namna hiyo, si sabuni, kwa kuwa mabaki ya sabuni huyafanya maji yachanganyike na mafuta badala ya kutuama chini yakatolewa.