Ule moshi wa Menengai sio salfa

Hapa Nakuru ukipanda Menengai, ule mlima wa volkano, asubuhi ukaona moshi mweupe ukipanda kutoka kwa kreta, lazima mtu aseme "hiyo ni salfa, itatumaliza". Hii story imekaa miaka mingi. Ule weupe ni mvuke wa maji tu, na ile harufu ya mayai viza ukiisikia ni gesi ingine, haidrojeni salfaidi, maana salfa dayoksaidi yenyewe, ile gesi watu huita salfa, haina rangi, huwezi kuiona kwa macho, na harufu yake ni ya kuchoma kama kiberiti kimewashwa sasa hivi.

Sasa kama macho hayaioni, satelaiti inaionaje hiyo salfa dayoksaidi? Haipigi picha ya moshi. Jua likipiga dunia mwanga unarudi juu, na salfa dayoksaidi hunyonya sehemu fulani ya miale ya urujuanimno (ultraviolet), kwa hivyo mtambo unapima ni mwanga gani umekosekana, ndio maana usiku haufanyi kazi. Ilianza kwa bahati 1982, mtambo wa kupima ozoni ulipokuta wingu la volkano ya El Chichón kule Mexico. Siku hizi kuna TROPOMI, mtambo ulio kwa satelaiti, ilirushwa 2017, hupita kila siku. Jirani zetu, volkano za Nyiragongo na Nyamulagira kule Kongo huonekana vizuri sana.

Na wale husema volkano ndio huchafua hewa kuliko viwanda, hapana bana. Kwa salfa, binadamu na makaa ya mawe, mafuta na kuyeyusha madini hutoa mara kadhaa zaidi, mji wa viwanda vya madini wa Norilsk kule Urusi pekee hushinda volkano nyingi.