Usilaze mtungi wa asetilini ili kumaliza gesi

Katika gereji za Tanga utasikia mafundi wa kuchomelea wakisema mtungi wa asetilini ukikaribia kwisha ulazwe chini, gesi iliyobaki itoke yote. Si kweli, tena ni hatari. Ndani ya mtungi huo hamna gesi tupu. Mna kitu kigumu chenye vitundu vidogo vidogo, kimelowa kimiminika kiitwacho asetoni, na gesi imeyeyuka humo. Asetilini ikigandamizwa peke yake huweza kulipuka hata pasipo hewa. Asetoni ndiyo kinga. Ukiulaza na kuufungulia, asetoni hutoka pamoja na gesi, ikaharibu mipira ya kupitishia gesi na moto wenyewe. Mtungi uliosafirishwa ukiwa umelala, usimamishe saa kadhaa kabla ya kuutumia.

Asetilini ikichanganywa na oksijeni, moto wake hufikia takribani nyuzi 3,100 za Selsiasi, ndiyo maana hukata vyuma vya meli. Viwandani hutengenezewa pia kemikali.

Kiafya, ninachokihofia zaidi ni tangi au chumba kilichofungwa: gesi huchukua nafasi ya oksijeni, fundi huona kizunguzungu, kisha huanguka. Ndugu zangu, mwenzenu akianguka humo msimfuate kabla ya kufunga mtungi, kuita msaada na kupitisha hewa.