Chale kwenye plaiwudi: yanayosemwa karakana na yaliyo kweli

Mteja anataka kaunta ya mapokezi yenye kona ya mviringo. Fundi anachukua plaiwudi ya milimita 12, anailaza kifudifudi na kuipiga chale kwa msumeno, mikato isiyotoboa upande wa pili, moja baada ya nyingine, kama mpishi anavyomchanja samaki kabla hajamtia mafutani. Anaisimamisha, anaikunja polepole, mwenye duka kasimama pembeni anatabasamu. Mara, ka! Ufa umetokea upande wa mbele, pale pale ambapo kila anayeingia ataweka kiwiko chake.

Fundi huyo ni mimi, na plaiwudi hiyo ya futi 8 kwa 4 niliilipa kwa mfuko wangu. Tangu siku ile nimepewa maelezo ya kila namna kuhusu kilichoipasua. Mengi si kweli, na mengine ni kweli nusu, ambayo ndiyo mabaya zaidi.

La kwanza huwa ni maji. "Ungeiloweka usiku kucha, fundi. Samaki mkunje angali mbichi." Methali ni nzuri, ila plaiwudi si samaki, wala si mbao nzima. Mbao nzima ikifukizwa kwa mvuke, ile lignini inayoshikanisha nyuzi zake hulainika, na hapo ndipo inapokubali kukunjwa. Joto ndilo linalofanya kazi kubwa. Plaiwudi ni tabaka za vinia, yaani mbao nyembamba kama karatasi nene, zilizobandikwa, kwa hiyo swali la kuuliza ni zimebandikwa kwa nini. Ile ya kawaida ya fanicha za ndani hutumia gundi ya yurea, ambayo haipatani na maji: iloweke usiku, asubuhi utakuta kingo zimefumuka kama daftari lililonyeshewa. Iliyobandikwa kwa gundi ya fenoli hustahimili maji, hata yanayochemka. Lakini nayo ukishailoweka inavimba, gundi nyeupe haiingii vizuri kwenye mbao iliyokwisha kushiba maji, na ikikauka inanywea na kukufungulia maungio. Mimi huishia kwenye kitambaa kilicholoa maji ya moto, nakilaza juu ya uso wa nje tu, dakika chache kabla ya kukunja. Vinia ya nje hulegea kidogo, ya ndani hubaki kavu.

Tukiwa hapo hapo kwenye maji, kuna jina linalopoteza watu. Ukienda dukani ukaomba marini bodi, mara nyingi utapewa ile plaiwudi nyeusi au ya kahawia inayong'aa, ya kufungia zege. Hiyo sio plaiwudi ya boti. Imevikwa ngozi ya resini ili zege isinate juu yake, na kama zege hainati, gundi yako nyeupe nayo haitanata. Watu wamebandika fomaika juu ya ngozi ile kisha wakashangaa inabanduka kama ganda la yai.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Karibu kila karakana utasikia kwamba kona kubwa inataka chale nyingi na kona ndogo inataka chale chache. Kinyume chake nacho utakisikia, na anayekisema atakisema kwa uhakika ule ule. Vyote viwili si sahihi. Idadi ya chale zinazohitajika ili zijifunge, yaani midomo yake ikutane, haitegemei ukubwa wa tao hata kidogo. Inategemea mambo matatu: unakunja kwa digrii ngapi, chale ina kina gani, na msumeno wako unakula upana gani. Ukubwa wa tao unaamua kitu kimoja tu, nacho ni umbali kati ya chale na chale.

Chukua plaiwudi yangu ya milimita 12. Nikiacha ngozi, yaani unene usiokatwa chini ya chale, ya milimita 2, chale ina kina cha 10. Kona ya digrii 90 ni robo ya duara, kwa hiyo upande wa ndani lazima ufupike kwa milimita 10 mara nusu ya pai, yaani karibu 15.7. Msumeno wangu unakula milimita 2. Gawanya: 7.85, tuseme chale 8. Tao likiwa na nusu kipenyo cha milimita 150, chale hizo zitaachana kama milimita 30. Likiwa na 300, zitaachana 60. Likiwa na 600, zitaachana 120. Chale ni zile zile 8.

Kama hesabu inakuchosha, kuna njia ya wazee isiyohitaji kalamu, nami naiamini kuliko kikokotoo kwa sababu inapima msumeno ulioushika mkononi, sio ulioandikwa kwenye boksi. Chukua kipande cha plaiwudi ile ile. Kata chale moja kwa kina utakachotumia. Kilaze mezani, chale ikiangalia juu, ukibane kwa klempu upande mmoja wa chale. Kutoka kwenye chale pima kuelekea upande ulio huru urefu sawa na nusu kipenyo cha tao lako, uweke alama. Inua upande huo taratibu mpaka midomo ya chale ikutane. Usilazimishe, utausikia mkono unagoma. Shikilia hapo, upime kutoka mezani hadi chini ya ile alama. Umbali huo ndio nafasi kati ya chale na chale. Kwa mfano wangu wa 300 utapata karibu 60, sawasawa na hesabu, na kipande hicho hicho kimekuonyesha pia kama ngozi uliyobakiza inavumilia.

Hapo ndipo wengi wanapokosea mara ya pili, na mimi nikiwemo. Nilidhani nikishapata 8, basi 8 ndizo za kukata. Kumbe 8 ndio kiwango cha chini. Plaiwudi iliyopigwa chale haipindi kama mpira. Inapinda penye chale tu, na katikati ya chale na chale inabaki bapa, kwa hiyo ulichotengeneza ni pande nyingi zilizopangwa kwa tao. Bapa la milimita 60 kwenye tao la 300 linaachana na mviringo halisi kwa karibu milimita 1.5 katikati. Mkono unahisi, na jicho linaona kutoka mlangoni. Ukiongeza chale zikawa 16, kila bapa likawa 30, tofauti inashuka mpaka milimita 0.4 hivi, kwa sababu nafasi ikipungua nusu, kosa linabaki robo. Midomo ya chale hizo 16 haitakutana, na hakuna ubaya wowote. Kalibu unayokunjia juu yake ndiyo itakayotoa umbo, chale zimetoa ruhusa tu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba fomaika au rangi itaficha mabapa. Rangi ya kung'aa inayatangaza. Washa taa ya dari uone mwanga unavyokatika vipande kwenye kona yako. Rangi isiyong'aa husitiri kidogo. Msasa wa upande wa nje nao una kikomo, maana ngozi yenyewe ni milimita 2.

Nimesema ngozi mara kadhaa. Hiyo ndiyo kazi yote. Fundi anaangalia anachokata, na plaiwudi inapasukia kwenye kilichobaki.

Kuna kanuni inayorudiwa sana: plaiwudi kunja kwa kukingama nyuzi za uso, ndiyo inakuwa laini. Kanuni ni ya kweli, kwa plaiwudi isiyo na chale. Chukua ile ya milimita 3 yenye tabaka tatu: tabaka mbili za nje zina nyuzi za upande mmoja, ya katikati imekingama. Ukitaka kuizungusha kama pipa, nyuzi za nje zikisimama wima inazunguka vizuri. Zikilala kuzunguka pipa, inakaidi. Sasa fundi anaichukua kanuni hiyo, anaipeleka kwenye plaiwudi ya 12, na kukata chale zikifuata nyuzi za uso. Kilichobaki chini ya kila chale ni vinia ambayo nyuzi zake zimelala sambamba na chale yenyewe. Kukunja ni kuzitenganisha nyuzi kama unavyopasua kuni. Ka! Hivyo ndivyo ilivyokuwa yangu. Penye chale kanuni inageuka: kata kukingama nyuzi za ngozi, ili nyuzi hizo zizunguke pamoja na tao. Zitakataa kidogo, lakini hazitapasuka kirahisi.

Na bado kuna mtego. Plaiwudi nyingi za bei ya chini zina uso mwembamba kama karatasi, umewekwa kwa urembo tu, na tabaka nene linalofuata limekingama. Ngozi yako ya milimita 2 basi karibu yote ni tabaka hilo la pili, sio uso unaouona. Ukisoma nyuzi kwa kutazama juu, umesoma jalada. Geuza plaiwudi uangalie ukingo wake, safisha kwa msasa kama msumeno wa kiwanda umeuchafua, hesabu tabaka kutoka upande utakaokuwa nje, uone lipi litabaki na nyuzi zake zinakwenda wapi. Dakika mbili tu. Ningezitumia siku ile, ningebaki na pesa yangu.

Kina kisipokuwa sawa, yote hayo hayasaidii. Chale moja iliyozama zaidi ya wenzake kwa nusu milimita inageuka bawaba: mkunjo wote unakimbilia hapo, zile nyingine zinabaki zimekaa tu. Plaiwudi ikiwa imejipinda juu ya meza, msumeno unakata kina tofauti katikati na pembeni hata kama hukugusa skrubu yake. Ibane ilale kabisa kabla hujaanza. Na jigso kwa kazi hii tuiache nyumbani, haina namna ya kushika kina.

Ukiamua chale zikae upande wa nje, labda kwa kuwa uso wa kuonekana ni wa ndani ya tao, fahamu kwamba zitafunguka badala ya kujifunga. Hakuna midomo itakayokutana ikakwambia basi. Utaendelea kukunja mpaka ngozi ikupe jibu.

Dhana nyingine husema kwamba mkunjo wa chale ni dhaifu, haufai chochote, na yule anayeipinga husema ukitia gundi unarudi imara kama mwanzo. Ukweli unaonekana ukikata kipande kilichokwisha kukunjwa ukitazame ubavuni. Chale haikujifunga yote. Midomo imegusana upande wa ndani, lakini chini, karibu na ngozi, pamebaki upenyo wa pembetatu. Gundi ya mdomoni inashika mstari mwembamba tu. Ndiyo maana mkunjo huo unapata nguvu kutoka kwenye vitu viwili vingine: upenyo uliojazwa, kwa mfano kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, na vinia au plaiwudi nyembamba iliyobandikwa upande wa midomo ya chale kama mgongo. Ukiwa na mgongo huo, umetengeneza sanduku lenye ngozi mbili na halichezi. Bila huo, usiegemee.

Kwamba chale kwa asili yake inaua mbao, hilo linakanushwa na kiti kidogo kinachojulikana dunia nzima. Alvar Aalto wa Ufini alibuni stuli namba 60 mwaka 1933, na mguu wake ni mbao nzima ya mbetula iliyokunjwa juu kwa digrii 90. Ndani ya mkunjo huo kuna chale. Tofauti ni kwamba zinafuata mkondo wa nyuzi, hazizikati, na kila chale imejazwa kipande chembamba cha mbao chenye gundi kabla ya kukunjwa. Watu wazima wanakalia.

Jambo ambalo chale za mstari haziwezi ni kutengeneza bakuli. Plaiwudi hupinda upande mmoja kwa wakati. Ukiitaka ipinde pande mbili pale pale, inakunjamana au inapasuka. Wabunifu Charles na Ray Eames walipotengeneza banzi la mguu la plaiwudi kwa jeshi la majini la Marekani, miaka ya vita ya 1940, walibandika vinia ndani ya kalibu kwa joto na mgandamizo, na pale umbo lilipozidi waliacha matundu kabisa. Matundu yaliyoipumzisha mbao ndiyo yaliyopitisha bandeji. Nao mtandao wa mikato ya leza unaoonekana kwenye visanduku vya zawadi ni jambo jingine kabisa: mikato ile inatoboa mpaka upande wa pili, na kinachopinda ni vijiti vidogo vinavyojisokota. Inapendeza kwenye kisanduku. Kwenye kaunta, ni chujio.

Kuhusu kaunta yangu, mwishowe haikupata chale hata moja. Nilitengeneza mbavu za tao kwa mbao, nikachukua plaiwudi mbili za milimita 4, nyuzi za uso zikisimama wima, nikakunja ya kwanza juu ya mbavu, nikapaka gundi nyeupe uso mzima, nikalaza ya pili juu yake na kufunga kwa mikanda ya kufungia mizigo ya lori mpaka kesho yake. Gundi ikikauka, plaiwudi mbili haziwezi tena kuteleza juu ya mwenzake, na tao linashika lenyewe. Nilipofungua mikanda lilirudi nyuma kwa milimita 3 tu. Mwenye duka alipita na mkono juu ya kona, akarudia tena, akauliza chale ziko wapi.