MRI ya moyo baada ya mshtuko wa moyo: daktari anatafuta nini?

Mgonjwa aliyenusurika mshtuko wa moyo kwa kawaida hupimwa kwanza kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kipimo hicho ni cha haraka na kinaonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu. Tatizo ni kwamba ukuta wa moyo usiosogea unaweza kuwa umekufa, au umezubaa tu. Misuli iliyokosa damu kwa muda kisha ikaipata tena inaweza kukaa siku au wiki kadhaa bila kufanya kazi, halafu ikaamka. Kwenye eko ya kawaida hali hizo mbili hufanana sana. MRI ya moyo, yaani picha inayopigwa kwa mashine yenye sumaku kali, inaweza kuzitenganisha, na kwa maoni yangu hakuna sifa yake nyingine inayoizidi hiyo.

Siri iko kwenye dawa yenye madini ya gadolini, inayochomwa kwenye mshipa wa mkono. Dawa hii hupita kwenye misuli yote, ila haiwezi kuingia ndani ya seli iliyo hai. Seli iliyokufa utando wake umepasuka, kwa hiyo dawa huingia na kukawia humo. Kovu la zamani nalo huishikilia, kwa sababu nafasi kati ya seli zake zimepanuka. Picha zikipigwa dakika 10 hadi 20 baadaye, misuli hai huonekana myeusi na iliyokufa huonekana nyeupe.

Kinachopimwa zaidi ni kina cha weupe huo. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, misuli huanza kufa upande wa ndani wa ukuta, kisha kifo kinaelekea nje kadiri muda unavyopita. Mwaka 2000, Raymond Kim na wenzake wa Chicago walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliokuwa wakisubiri kurudishiwa mtiririko wa damu moyoni. Kadiri weupe ulivyokula unene wa ukuta, ndivyo matumaini ya sehemu hiyo kufanya kazi tena yalivyopungua. Ulipozidi robo tatu, karibu hakuna sehemu iliyopata nafuu. Matokeo hayo yanamsaidia daktari kuamua kama kuna faida ya kuhangaika na mshipa ulioziba muda mrefu.

Wakati mwingine katikati ya weupe hubaki doa jeusi. Maana yake mishipa midogo kabisa imeziba hata kama mkubwa umeshafunguliwa kwa stenti (kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa uwe wazi), na hiyo ni dalili mbaya inayohitaji ufuatiliaji wa karibu. MRI pia hugundua bonge la damu lililojificha ndani ya chemba ya kushoto. Na mgonjwa mwenye maumivu ya kifua ambaye mishipa yake imekutwa wazi? Weupe ukianzia upande wa nje wa ukuta badala ya ndani, huenda tatizo lilikuwa uvimbe wa misuli ya moyo uliosababishwa na virusi.

Kipimo huchukua kati ya nusu saa na saa nzima, mashine ina kelele, na mgonjwa huambiwa abane pumzi mara nyingi. Hakuna mionzi ya eksirei. Stenti za kisasa hazizuii kupimwa, lakini mwenye betri ya moyo (kifaa kinachoongoza mapigo) au chuma chochote mwilini aseme kabla ya kuingia chumbani. Mwenye figo dhaifu naye aseme mapema, kwa sababu gadolini hutolewa mwilini kupitia figo na daktari atahitaji kuchagua aina iliyo salama kwake.