Ridhaa ya Mgonjwa Haiishii Kwenye Sahihi

Neno ridhaa likitajwa katika tiba, wengi huwaza upasuaji: mgonjwa amelazwa, muuguzi ameshika fomu, na kalamu inatafutwa ili sahihi iwekwe kabla ya kitanda kusukumwa kuelekea chumba cha upasuaji. Fomu hiyo ina kazi yake na hatuidharau. Hata hivyo, maamuzi mengi ya kitabibu hayapiti kwenye fomu yoyote. Hufanyika mezani kwa daktari, ndani ya dakika chache, pale mtu mwenye shinikizo la juu la damu au kisukari anapoandikiwa dawa ambazo pengine atazimeza maisha yake yote, na ni nadra mtu huyo kuulizwa kama ameelewa na kama amekubali. Sisi tunaofundisha maadili ya tiba tunaiona hiyo kuwa ndiyo ridhaa inayosahaulika kuliko zote, na kusahaulika kwake kunaharibu matibabu yenyewe.

Tuanze na shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha tu. Kwa kawaida mtu mzima huhesabiwa kuwa nalo iwapo vipimo vilivyorudiwa katika siku tofauti vinaonyesha 140 kwa 90 au zaidi. Ubaya wake ni ukimya: mtu anakula, analala na anafanya kazi zake kama kawaida, huku mishipa, moyo, figo na macho vikiendelea kuumia, na wapo ambao dalili yao ya kwanza huwa ni kiharusi. Kwa hiyo daktari anapoandika dawa anamwomba mtu anayejisikia mzima ameze kila siku kitu kinachoweza kumletea usumbufu, ili kumkinga na jambo ambalo halijatokea. Ombi zito kiasi hicho halitekelezeki kwa amri.

Mgonjwa mmoja, dereva wa basi mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, alihudhuria kliniki mara tatu mfululizo na kipimo chake cha juu kikabaki zaidi ya 170. Kila mara aliulizwa kama anameza dawa, na kila mara alijibu kwamba anameza. Mara ya tatu nilimwomba atoe dawa zake aziweke mezani. Bahasha moja ilikuwa imebaki na vidonge viwili, kama ilivyotakiwa. Nyingine ilikuwa karibu imejaa. Nikamuuliza, "Mzee, hizi mbona zimebaki?" Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Daktari, hii nikiimeza asubuhi nakwenda haja ndogo kila mara. Nikiwa barabarani na abiria nitasimama mara ngapi? Siku za safari naiacha." Siku za safari zilikuwa tano kwa wiki.

Dawa hiyo ilikuwa ya kuongeza mkojo, na mimi ndiye niliyemwandikia. Sikumweleza inafanya nini mwilini, wala sikumuuliza anafanya kazi gani. Mzee yule hakuwa mkaidi. Alikuwa ameikataa sehemu ya matibabu kimyakimya kwa sababu hakupewa nafasi ya kuikataa kwa sauti. Tulibadilisha dawa, na safari hii nilimweleza kwamba ile mpya huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na kwamba ikimtokea hivyo arudi aseme badala ya kuiacha mwenyewe. Ziko dawa nyingine za presha ambazo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na anayeanza kukohoa bila kuambiwa hivyo mapema huishia kununua dawa ya kifua, akidhani amepata ugonjwa wa pili.

Mtu anaweza kuuliza kama maelezo haya yote ni haki ya mgonjwa au ni uungwana wa daktari tu. Jibu limeandikwa kwa maumivu ya watu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 katika eneo la Tuskegee, jimbo la Alabama, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya". Hata penisilini ilipokwisha kujulikana kuwa tiba ya kaswende, katika miaka ya 1940, hawakupewa. Walichomwa sindano za uti wa mgongo ili kupimwa, huku wakiaminishwa kwamba wanapata matibabu maalumu ya bure. Linaloniumiza zaidi katika habari hiyo ni kwamba watu wale walikubali. Walifika wenyewe, wakakaa kwenye kiti, wakainamisha migongo yao. Lakini walichokikubali sicho kilichokuwa kikifanyika, na kukubali kwa namna hiyo hakuwezi kuitwa ridhaa. Kanuni za Nuremberg, yaani kanuni za maadili ya utafiti kwa binadamu zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, zilikuwa zimekwisha kutoka mwaka 1947, nazo zinaanza kwa kusema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa utafiti ni jambo la lazima kabisa, na bado wanaume wale waliendelea kudanganywa kwa miaka mingine ishirini na mitano.

Huo ulikuwa utafiti, na ulikuwa uovu wa wazi. Katika matibabu ya kila siku mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa daktari anayeficha mara nyingi huficha kwa nia njema. Mwaka 1999, huko Scotland, mama mmoja mwenye kisukari na mwenye umbo dogo alikuwa anakaribia kujifungua. Kisukari huweza kumfanya mtoto awe mkubwa tumboni, na kwa akina mama wa hali yake uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa ulikuwa kati ya asilimia 9 na 10. Mama yule alikuwa ameeleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa mtoto. Daktari hakumtajia hatari hiyo, kwa maelezo kwamba akina mama wakiambiwa wangeomba upasuaji, jambo ambalo yeye hakuliona kuwa lenye manufaa kwao. Mabega yalikwama kweli, mtoto akakosa hewa, naye akabaki na ulemavu mzito. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kipimo cha nini kielezwe si desturi ya madaktari peke yake: mgonjwa aelezwe hatari ambayo mtu wa kawaida aliye katika hali yake angeiona kuwa ya maana, au ambayo daktari anajua, au anapaswa kujua, kwamba mgonjwa huyu hasa angeijali.

Uamuzi huo ni wa nchi moja, lakini hoja yake inagusa kila meza ya daktari. Kwa dereva, kwenda haja ndogo mara kwa mara ni jambo zito. Kwa mtu anayeshinda nyumbani huenda lisiwe kitu. Kushuka kwa sukari kunakoletwa na insulini, dawa ya kisukari, ni hatari kwa kila mtu, ila anayepanda ngazi ndefu kazini ana sababu ya ziada ya kujua dalili zake, yaani kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali na kuchanganyikiwa. Daktari asiyeuliza mgonjwa anaishi vipi hawezi kujua amweleze nini.

Kuna njia rahisi ya kupima kama maelezo yamefika. Swali la "umeelewa?" halisaidii, kwa maana karibu kila mtu huitikia, ama kwa heshima ama kwa aibu. Afadhali daktari aseme, "Nataka nijue kama nimeeleza vizuri, ukifika nyumbani utamwambiaje mwenzako juu ya dawa hizi?" Mgonjwa naye anaweza kuanza mwenyewe kwa kusema, "Ngoja nirudie nilivyosikia, unisahihishe." Na ana haki ya kuuliza dawa ni ya nini, madhara yake ni yapi, kuna njia nyingine gani, na itakuwaje asipotibiwa. Maswali hayo si utovu wa adabu.

Ndugu wa mgonjwa nao huja na ombi lao, hasa ugonjwa unapokuwa saratani: "Daktari, tafadhali usimwambie, atakata tamaa." Ombi hilo hutoka kwenye upendo, na madaktari wenyewe waliwahi kufikiri hivyo. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1961, takriban asilimia 90 ya madaktari waliohojiwa walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Maswali yaleyale yalipoulizwa tena, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Kwa maoni yangu, jambo la busara si kumwagia mgonjwa ukweli wote kwa mpigo wala kumfungia mlango. Aulizwe yeye mwenyewe kwanza: angependa kujua kiasi gani, na angependa nani awepo? Wapo wanaojibu, "Mwambie mwanangu, yeye ataamua," na hiyo pia ni ridhaa, maana imetoka kinywani mwao. Ndugu wakiambiwa kabla ya mgonjwa, bila yeye kuruhusu, siri yake imevunjwa hata kama wote wanampenda.

Mtihani mgumu kuliko yote ni pale mgonjwa anapokataa. Kidonda cha mguu kilichooza, ambacho madaktari hukutana nacho sana kwa wagonjwa wa kisukari, huweza kufikia hatua ambayo ushauri ni kukata mguu, na mgonjwa akasema hapana. Mwaka 1993 mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la mzee wa miaka 68, mgonjwa wa akili aliyekuwa kwenye hospitali yenye ulinzi, ambaye mguu wake ulioza na akakataa usikatwe chini ya goti. Daktari wa upasuaji alikadiria kwamba bila kukatwa nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 15. Matibabu mengine yaliiondoa hatari ya wakati ule, ila hospitali haikutaka kuahidi kwamba haitamkata siku za mbele. Mahakama ilimpa haki mzee yule, kwa kuwa pamoja na ugonjwa wake wa akili aliweza kuelewa maelezo, kuyaamini na kuyapima hadi kufikia uamuzi. Kuwa na ugonjwa wa akili, basi, si sababu tosha ya kumnyang'anya mtu sauti. Hali ni tofauti kwa aliyepoteza fahamu katika dharura, ambaye hutibiwa ili kuokoa maisha yake, isipokuwa kama alikwisha kukataa mapema kwa namna inayojulikana.

Na akikataa, wajibu wa daktari hauishi. Kidonda bado kinahitaji kusafishwa, maumivu bado yanahitaji dawa, sukari bado inahitaji kupimwa. Kukataa kwake kuandikwe kwenye faili pamoja na sababu alizozitoa, kisha aulizwe tena baada ya muda, kwa upole na bila vitisho, kwa kuwa wapo wanaokataa leo kwa sababu ya hofu ya nusukaputi au ya gharama ambayo hakuna aliyeketi nao kuizungumza.