Mkutano wa kijiji usiangukie bamvua

Bamvua likifika, yaani zile siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, maji yakitoka, wanawake wa Mlingotini hapa Bagamoyo huwa baharini. Wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba, wanang'oa magugu, wanarudi maji yakiwa kiunoni. Wiki sita hivi baadaye wanavuna. Kilo saba au zaidi za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu, na bei yake huipanga mnunuzi.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, na huniuma nikisikia kwamba maskini hajitumi. Asiye na kamba huzikopa kwa mnunuzi, na aliyekukopesha kamba ndiye utakayemuuzia. Mama huyo jitihada anayo. Asichonacho ni uwezo wa kukataa bei.

Utafiti wa bajeti za kaya wa 2011/12 uliwakuta Watanzania asilimia 28.2 chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ukawakuta asilimia 26.4. Mwaka 2015 tuliahidi pamoja na mataifa mengine kwamba ifikapo 2030 umaskini uliokithiri utakuwa umekwisha. Kwa mwendo huo hatufiki.

Njia ya kumtoa mama huyo kwenye kamba za mkopo imo katika sheria tangu 2018: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ikopeshe bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo ilisitishwa, ikarejea 2024/25. Si sadaka hiyo. Mapato ya ndani ni ushuru na leseni, na muuza samaki pale sokoni amechangia.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mwenye miaka 18 na kuendelea, na hufanyika kila miezi mitatu. Nendeni mkaulize: halmashauri imekusanya kiasi gani, asilimia 10 yake ni ngapi, kikundi gani cha hapa kimepata? Niliwahi kumwona bibi mmoja akisimama: "Mwenyekiti mwanangu, tusomee kwanza mapato na matumizi, hayo mengine baadaye." Mkutano uliofuata karatasi ilikuwa ukutani.

Serikali nayo ipange marejesho yafuate mavuno. Tena kamba peke yake hazitoshi. Mwani wa aina ya kotonii una bei nzuri kuliko ule wa spinosamu, lakini maji yakipata joto hufa, na kuupeleka kwenye kina kirefu kunataka mtumbwi na mtu anayejua kuogelea. Mkopo usiofika kwenye mtumbwi unamwacha mama palepale.

Basi kina mama, mkutano ukitangazwa tazameni tarehe. Ikiangukia bamvua, mwambieni mtendaji ausogeze hadi maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, maana mkiwa baharini swali la asilimia 10 hakuna wa kuliuliza.